Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mtunzi wa Mafukara wa Mjini: Charles Dickens Akiwa Mfano

Mwanafunzi akipewa kazi ya kuandika maisha na kazi za Charles Dickens, sentensi yake ya kwanza naijua kabla hajaiandika: Dickens alizaliwa katika umaskini, akakulia katika mitaa ya mabanda ya London, na kwa sababu hiyo akawaandika maskini wenzake. Si kweli. Alizaliwa Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, tarehe 7 Februari 1812. Miaka yake ya furaha ya utotoni aliipitisha Chatham, mji mwingine wa majini. Na baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la majini, mtu mwenye mshahara wa uhakika na mkono usioweza kuushika. Mimi mwenyewe niliwahi kuiandika sentensi hiyo katika makala yangu ya kwanza ya kulipwa. Mhariri aliikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Walidaiwa kiasi gani, na nani?" Nilinuna siku mbili, kisha nikaenda kutafuta jibu, na jibu lile likanifundisha kazi hii kuliko kitabu chochote cha nadharia ya fasihi.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kuandika makala au insha ndefu kuhusu mtunzi aliyewaweka mafukara wa mjini katikati ya riwaya zake. Nimemchukua Dickens kwa sababu ushahidi wake ni mwingi na haufichwi: haki za kunakili riwaya zake zilikwisha zamani na mtu yeyote huzipata bure kwenye intaneti, barua zake zimechapishwa kwa maelfu, na rafiki yake John Forster aliandika wasifu wake katika majuzuu matatu yaliyotoka kati ya 1872 na 1874. Ukiimudu njia hii kwake, utaitumia pia kwa mtunzi wa Nairobi, wa Cairo au wa Paris.

Tafuta deni kabla ya kutafuta chozi

Jibu la swali la mhariri wangu lilikuwa pauni 40 na shilingi 10, na mdai alikuwa mwokaji mikate. Kwa deni hilo John Dickens alikamatwa Februari 1824 na kufungwa Marshalsea, jela ya wadaiwa iliyokuwa upande wa kusini wa mto Thames. Siku chache kabla ya hapo mwanawe Charles, aliyekuwa ametimiza miaka 12 tu, alikuwa amepelekwa kufanya kazi katika karakana ya Warren ya dawa nyeusi ya viatu, ile ambayo kwetu wengi huiita kiwi, katika jengo bovu lenye panya pale Hungerford Stairs, kando ya mto. Ujira wake ulikuwa shilingi 6 kwa wiki.

Hapa ndipo mwandishi mwenye haraka huruka na kuanza kulia kwa niaba ya mtoto. Usilie bado, chukua karatasi upige hesabu. Pauni moja ya wakati ule ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12. Deni la pauni 40 na shilingi 10 ni shilingi 810. Kwa ujira wa shilingi 6, mtoto yule angehitaji kufanya kazi wiki 135, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu, bila kula wala kuvaa, ndipo amlipe mwokaji mikate. Msomaji akishaiona hesabu hiyo, haelezwi tena kwamba kumtoa mtoto shuleni kusingemtoa baba jela. Ameshaelewa mwenyewe.

Lakini jihadhari na neno shilingi lenyewe, maana kwa msomaji wa Kiswahili ni mtego. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921 ikiwa na thamani sawa na shilingi ya Kiingereza, ila yetu iligawanywa kwa senti 100 na si kwa peni 12; tangu hapo zimeachana mno, hata msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia "shilingi 6 kwa wiki" atadhani ni mzaha. Usijaribu kuibadilisha iwe fedha ya leo, kwa sababu kila anayefanya hivyo hupata jibu tofauti na la mwenzake. Sema ilinunua nini. Dickens mwenyewe ameacha orodha: asubuhi alinunua mkate mdogo wa peni moja na maziwa ya peni moja, na kwa ajili ya chakula cha usiku aliweka mkate mwingine na kipande cha jibini katika rafu yake ndani ya kabati fulani. Ili fedha isimwishie kabla ya Jumamosi, aliigawa katika vifurushi sita vyenye kiasi sawa, akaandika juu ya kila kimoja jina la siku, na kuvitia katika droo. Shilingi moja kwa siku. Kifungua kinywa kimeshachukua sehemu ya sita.

Vifurushi vile havikumsaidia sana. Njiani, katika barabara ya Tottenham Court, wauza keki walikuwa wakitoa sinia mlangoni zenye keki zilizolala, nusu bei, na mtoto hakuweza kupita. Fedha ya chakula cha mchana ikaishia hapo. Palikuwa pia na maduka mawili ya pudini aliyoyajua vizuri. Moja, karibu na kanisa la St Martin, liliuza pudini nzuri yenye zabibu kavu, lakini kipande cha peni mbili hakikuwa kikubwa kuliko kipande cha peni moja cha pudini ya kawaida. Jingine, katika barabara ya Strand, liliuza pudini nzito, yenye kushibisha, zabibu zake zikiwa mojamoja na mbalimbali. Ukitaka kumwonyesha msomaji wako umaskini wa mjini ulivyo, mpe maduka hayo mawili. Fukara wa mjini huishi akipimana na bei kila saa, amezungukwa na chakula ambacho kipo, kinanukia, na kinauzwa. Ndiyo maana hesabu ina nguvu kuliko vivumishi.

Na hesabu hiyohiyo itakulazimisha kusema jambo litakaloharibu hadithi yako nzuri. Katika mwaka ule ule wa 1824, dada yake mkubwa, Fanny, alikuwa mwanafunzi wa muziki katika chuo cha Royal Academy of Music. Familia iliyokuwa ikiweka samani rehani ilikuwa bado na binti anayefundishwa piano. Usilifiche hilo. Kidonda cha Dickens hakikuwa cha mtu aliyezaliwa chini. Kilikuwa cha mtu aliyeteleza kutoka ngazi ya katikati, akaona jinsi ngazi ile ilivyo na utelezi, na akajua kwamba aliyebaki juu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Mhoji shahidi, hata kama shahidi ni mtunzi mwenyewe

Habari zote hizo za mikate na vifurushi zinatoka katika maelezo aliyoyaandika Dickens na kumkabidhi Forster. Mambo yalianza mwaka 1847, Forster alipomwuliza kama ni kweli kwamba mzee mmoja, rafiki wa baba yake, aliwahi kumkuta akiwa mtoto katika ghala fulani karibu na Strand, akampa nusu krauni, sarafu ya shilingi mbili na nusu, na mtoto akainama sana kwa shukrani. Dickens alinyamaza dakika kadhaa. Umma haukuijua siri hiyo hadi Forster alipoichapa mwaka 1872, na wakati huo Dickens mwenyewe alikuwa ameshafariki miaka miwili.

Kwa hiyo unaposoma maelezo hayo, kumbuka ni nani anayesema na ni lini. Ni mwanaume mtu mzima, maarufu, anayemkumbuka mtoto wa miaka 12. Mazuri ni kwamba anakiri penye shaka: kuhusu ujira, anasema ulikuwa shilingi 6 au 7, na kwa kuwa hana hakika anadhani ulianza 6 ukapanda kuwa 7, kuhusu muda aliokaa pale, anasema hajui kama ulikuwa mwaka mmoja, zaidi au pungufu. Mwandishi mzuri wa wasifu huiacha shaka hiyo ionekane. Usiandike kwa uhakika jambo ambalo mwenye maisha mwenyewe hakuwa na hakika nalo.

Sehemu ngumu ni ya mama. John alitoka jela baada ya miezi mitatu hivi, kwa sheria ya wadaiwa waliofilisika, lakini mtoto hakutolewa kazini mara moja. Baadaye karakana ilihamia Chandos Street, karibu na Covent Garden, na watoto wawili wepesi wa mikono wakawekwa kufanya kazi dirishani, palipo mwanga, ambapo wapita njia walisimama kuwatazama. Baba aligombana na msimamizi wa karakana, Charles akaachishwa. Mama akaenda kupatanisha ili mtoto arudi. Baba akasema asirudi, aende shule. Dickens aliandika kwamba hakusahau kamwe, wala hatasahau, wala hawezi kusahau, kuwa mama yake alitaka arudishwe. Ukifika hapa, mnukuu kwa uaminifu, kisha umkumbushe msomaji kwamba Elizabeth Dickens hakuacha maelezo ya upande wake, na kwamba ndiye aliyekuwa na nyumba yenye watoto wengi wa kulisha. Sentensi moja inatosha. Kumtetea mama kwa kurasa mbili ni kuandika wasifu wa mtu mwingine.

Kisha kuna Bob Fagin. Huyu alikuwa kijana mkubwa kidogo, yatima, aliyemfundisha mgeni namna ya kufunga kamba: unachukua chungu kidogo cha dawa ya viatu, unakifunika kwa karatasi ya mafuta, juu yake karatasi ya buluu, unazungushia kamba, unakata karatasi ukingoni mpaka iwe nadhifu kama chungu cha dawa cha duka la dawa, halafu unabandika lebo. Siku moja Charles alishikwa na maumivu ya ubavuni kazini. Bob alimlaza juu ya majani makavu, akajaza maji moto katika chupa tupu za dawa ya viatu na kumkandia nusu ya siku, na jioni akasisitiza kumsindikiza nyumbani. Nyumbani kulikuwa jela. Mtoto akaona aibu. Walipofika karibu na daraja la Southwark akapanda ngazi za nyumba asiyoijua, akampa Bob mkono wa kwaheri kana kwamba amefika kwao, na kwa kuwa Bob aligeuka kutazama, akabisha hodi na kumwuliza mwanamke aliyefungua kama hapo ndipo kwa Bwana Robert Fagin.

Jina la mvulana huyo mwema Dickens alilichukua, akampa mkuu wa wezi katika riwaya yake ya Oliver Twist.

Nakushauri uiweke habari hiyo katika makala yako kama nilivyoiweka hapa, bila maelezo ya kisaikolojia. Wengi wamejaribu kueleza kwa nini alifanya hivyo, nami sijasoma maelezo yaliyonitosheleza.

Usiyafanye maisha kuwa ufunguo wa kila mlango

Riwaya inayokaribia zaidi miezi ile ni David Copperfield, iliyotoka kwa sehemu kuanzia 1849 hadi 1850. Zoezi ninalowapa wanafunzi ni kuweka sura ya 11 ya riwaya hiyo kando ya maelezo aliyopewa Forster, kisha kuandika kilichobadilika. Dawa ya viatu imekuwa chupa za mvinyo. Miaka 12 imekuwa 10. Baba mzazi aliye jela ameondolewa, David amefanywa yatima, na deni lote amebebeshwa Bwana Micawber, mtu mchangamfu anayempangisha David chumba, asiye ndugu yake. Ushauri ambao John Dickens alimpa mwanawe ndani ya Marshalsea, kwamba mtu mwenye pauni 20 kwa mwaka akitumia pauni 19, shilingi 19 na peni 6 atakuwa na raha, bali shilingi moja ikizidi upande wa pili atakuwa na taabu, umekuwa maneno ya Micawber, na watu wanaucheka mpaka leo. Lakini ujira wa shilingi 6 umebaki vilevile, na keki zilizolala zimebaki.

Mabadiliko ndiyo yanayokupa cha kusema. Anayeandika "David ni Dickens" amemaliza kazi kabla ya kuianza, ilhali anayeuliza kwa nini baba ametolewa jela na mgeni kuingizwa mahali pake amepata aya tatu nzuri.

Soma sheria ya wakati ule na ushike ramani

Oliver Twist ilianza kuchapwa katika jarida mwaka 1837, miaka mitatu baada ya sheria mpya ya maskini ya 1834, na bila sheria hiyo sura zake za mwanzo hazieleweki. Sheria ilikusudia kwamba fukara mwenye nguvu asipewe msaada nyumbani kwake bali aingie katika jumba maalumu, na maisha ndani ya jumba hilo yawe magumu kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili asiingie ila aliyeshindwa kabisa. Mume alitenganishwa na mke, watoto na wazazi. Dickens anaieleza kwa ankara: wajumbe wa bodi wanafunga mkataba na kampuni ya maji ilete maji bila kikomo, na mfanyabiashara wa nafaka alete unga kidogo kidogo, kisha wanatoa milo mitatu ya uji mwepesi kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki, na nusu ya mkate mdogo siku ya Jumapili. Kejeli yote imo katika ule mkataba wa maji. Mwanafunzi anayenukuu tu ombi la mtoto Oliver, "Tafadhali bwana, nataka tena", ameukumbuka uji akausahau mkataba.

Jumba hilo tuliiteje kwa Kiswahili? "Nyumba ya kazi" peke yake husikika kama ofisi au kiwanda; "nyumba ya mafukara" hufanana na kituo cha hisani na kuficha kulazimishwa. Mimi huandika "nyumba ya kazi ya mafukara", naieleza mara moja tu, kisha naendelea. Kadhalika usimwite chokoraa Jo, mtoto fukara wa riwaya ya Bleak House. Jo ana kazi: ana ufagio wake, anasafisha njia ya kuvukia barabara penye tope na mavi ya farasi, ili mabwana na mabibi wavuke bila kuchafua viatu, nao wakipenda wanamtupia peni. Neno chokoraa linamvua kazi hiyo na kumtia matusi ambayo mtunzi hakumtia.

Ramani nayo itakuepusha na aibu. Sehemu nyingine ni za kweli. Marshalsea ilifungwa 1842, lakini ukuta wake mmoja mrefu bado umesimama Southwark, kando ya kanisa la St George the Martyr, na Dickens aliirudia jela hiyo katika Little Dorrit, ya 1855 hadi 1857. Jacob's Island, kitongoji cha nyumba za mbao juu ya mitaro michafu huko Bermondsey ambako jambazi Sikes wa Oliver Twist anapata mauti yake, kilikuwepo. Na mwaka 1850 mheshimiwa mmoja wa jiji la London, Sir Peter Laurie, aliposema hadharani kwamba kitongoji hicho kipo katika kitabu tu, Dickens alimjibu katika dibaji ya chapa mpya ya riwaya kwa dhihaka kali: kama mahali huacha kuwepo kwa kuandikwa katika riwaya, basi na Sir Peter, ambaye naye alikuwa ameshaandikwa, hayupo. Mwaka mmoja kabla yake, mwandishi wa habari Henry Mayhew alikuwa amekwenda Jacob's Island wakati wa kipindupindu na kuandika kuhusu watu waliokunywa maji ya mtaro uleule uliopokea vinyesi vyao. Kwa upande mwingine, Tom-all-Alone's, mtaa unaooza katika Bleak House, usiutafute kwenye ramani. Umetungwa. Kinachopasa kutafutwa ni sababu ya kuoza kwake: nyumba zile zimo katika kesi ya mirathi isiyokwisha mahakamani, hivyo hakuna mwenye mali wa kuzikarabati wala wa kuzibomoa. Msomaji yeyote aliyewahi kuona kiwanja cha urithi kikigombaniwa hadi paa la nyumba ya marehemu likaanguka ataielewa riwaya hiyo kuliko profesa.

Uliza nani aliweza kukinunua

Hili nitalipitia kwa haraka, ingawa husahauliwa sana. Riwaya nyingi za Dickens zilitoka kwa sehemu za kila mwezi zilizouzwa shilingi moja kila moja, na msomaji wa kipato kidogo angeweza kuchangiana na wenzake au kusomewa. Lakini A Christmas Carol, iliyotoka tarehe 19 Desemba 1843 baada ya mtunzi kutembelea shule ya watoto mafukara ya Field Lane na kushtushwa na hali yake, iliuzwa shilingi 5. Irudie ile droo yenye vifurushi sita: kitabu kile kingemaliza vitano. Kiliandikwa juu ya mafukara na kikasomwa kwanza na waliowaajiri. Sioni ubaya katika hilo, ila liseme, maana linabadilisha maana ya kila wito wa huruma uliomo.

Msikilize fukara anaposema, na anaponyamazishwa

Baada ya fedha, sheria na ramani, chagua ukurasa mmoja wa riwaya na uusome taratibu mbele ya msomaji wako. Mimi huchagua sura ya 11 ya Bleak House, riwaya iliyotoka kwa sehemu kati ya Machi 1852 na Septemba 1853. Mtu asiyejulikana, mnakili wa nyaraka za mawakili, amekutwa amekufa katika chumba cha kupanga, na uchunguzi wa kifo unafanyika ndani ya baa. Jo analetwa kutoa ushahidi. Jina ni Jo. Hana jingine alijualo, wala hajui kwamba watu wote wana majina mawili. Hana baba, hana mama, hana rafiki, hajawahi kwenda shule. Anajua kwamba ufagio ni ufagio na kwamba kusema uongo ni vibaya. Mchunguzi anaamua kuwa mtoto wa namna hii hawezi kuapishwa, na anawekwa kando.

Baada ya baraza kuvunjika ndipo Jo anapoeleza kwamba yule marehemu alikuwa akisimama kuzungumza naye, na siku alipokuwa hana kitu alimwambia, "Leo mimi ni maskini kama wewe, Jo," na siku alipokuwa nacho alimpa. Kisha anasema kwamba alimtendea wema sana, yule. Ushahidi pekee wa utu wa marehemu umetolewa nje ya kumbukumbu rasmi, na mtu ambaye sheria ilimkataa. Hakuna pahali Dickens anapomwambia msomaji kwamba sheria ni kipofu. Amepanga tu nani aongee wakati gani.

Katika kutafsiri maneno ya Jo, ambaye Kiingereza chake kimejaa matamshi ya mtaani, utavutwa kumpa lugha ya vijiwe vya Nairobi au ya Manzese. Usifanye hivyo, kwa sababu atahamia huko mara moja na London itapotea. Mpe sentensi fupi, msamiati mdogo, na marudio ya mtu anayetafuta neno. Inatosha.

Fuata pia anavyofukuzwa. Polisi humwambia Jo asogee mbele, asogee, bila kumwambia wapi. Akisogea hubeba ugonjwa, na ugonjwa huo unamwingia Charley, mtumishi mdogo, kisha Esther, bibi wa nyumba njema aliyeuguza. Riwaya hii ilisomwa na watu waliokuwa wameona kipindupindu cha 1848 hadi 1849, na kingine kilipiga tena 1854. Kwa wasomaji hao, mtaa wa mafukara haukuwa jambo la huruma tu, ulikuwa kitu kinachoweza kugonga mlango wao.

Usimpambe

Aliwasaidia mafukara kwa vitendo: kwa fedha za tajiri Angela Burdett-Coutts alianzisha Urania Cottage mwaka 1847, nyumba ya kuwapokea wanawake waliotoka jela au mitaani, na kwa takribani miaka kumi alisimamia mwenyewe hata mambo madogo ya nyumba hiyo. Mtu huyohuyo, mwaka 1858, aliachana na Catherine, mke wake aliyemzalia watoto kumi, na akachapisha taarifa ya kujitetea katika jarida lake mwenyewe. Katika Oliver Twist alimwita Fagin "Myahudi yule" ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 1863 Eliza Davis, mwanamke Myahudi ambaye mumewe alikuwa amenunua nyumba ya Dickens, alimwandikia kumlalamikia, naye kwanza akajitetea, kisha akamtunga Riah, mzee Myahudi mwema wa Our Mutual Friend, na katika chapa ya 1867 akalifuta neno lile mara nyingi katika sura za baadaye. Ziandike habari hizi mahali zinapotokea katika maisha yake. Ukizirundika mwishoni chini ya kichwa "mapungufu", zitaonekana kama deni unalolipa kwa shingo upande.

Kuhusu mwisho wa makala, walio wengi humaliza kwa kaburi la Westminster Abbey, alikozikwa tarehe 14 Juni 1870, siku tano baada ya kufariki nyumbani kwake Gad's Hill, Kent. Lakini usiliache kaburi peke yake. Katika wosia wake alitaka mazishi yasiyo ya gharama, ya faragha kabisa, bila kutangazwa saa wala mahali, na watakaohudhuria wasivae mitandio, majoho wala vitambaa vya maombolezo kofiani. Weka wosia huo karibu na Betty Higden wa Our Mutual Friend, bikizee anayeiogopa nyumba ya kazi ya mafukara kuliko kifo, ambaye anaondoka kwa miguu kwenda kuuza vitu vidogo vijijini, akiwa ameshona ndani ya gauni lake fedha za kutosha kumzika, ili asizikwe na parokia kama fukara.